Muulize Bibi Shamba: Mwasumini wangu majani tele, maua hakuna

Mwezi huu meseji za asumini zimekuwa nyingi mpaka nimeona tusizichanganye na habari za nyanya na matikiti, tuzipe ukurasa wao kabisa. Nikisema asumini hapa naongelea ile ya Pwani, maua meupe ya kikuba (kile kishada cha maua ya kunukia cha kuvaa), kitaalamu Jasminum sambac, kichaka cha mita moja na nusu hivi ambacho ukikiachia kinarusha matawi marefu na kuegemea ukuta. Twende.

Shikamoo Bibi Shamba. Nina mwasumini nimeupanda nyuma ya nyumba karibu na bomba, huu mwaka wa 3, majani yake ya kijani mazuri kweli na umenipita kimo lakini maua napata matatu manne kwa mwezi. Jirani yangu wake mdogo tu ila unajaa mpaka anagawia watu. Mi naupa samadi ya kuku kila mwezi na maji kila jioni, sijawahi kuukata naogopa utakufa. Shida iko wapi?
*Mama wa Watatu, Tanga*

Marahaba mwanangu. Barua yako imejijibu yenyewe. Mti umeshiba, huko nyuma ya nyumba naona umekaa kivulini, na haujawahi kuonja mkasi, sasa utoe maua ya nini, unajenga majani tu raha mstarehe.

Nianze na mkasi maana ndo mnaouogopa nyote. Asumini haitoi maua kwenye mti mzee, inatoa kwenye ncha ya chipukizi jipya. Shika tawi moja uliangalie kwa karibu, majani yamekaa mawili mawili yanatazamana, na pale mwisho utakuta matumba, mara nyingi matatu, la katikati linatangulia kuchanua na ya pembeni yanafuata. Yakishaanguka ile ncha imemaliza kazi yake. Ukiikata juu kidogo ya jozi ya majani iliyo chini yake, kwenye makwapa ya yale majani mawili kutatoka machipukizi mawili na kila moja litamalizikia na maua yake, ukirudia yanakuwa manne. Huyo jirani yako naamini anachuma maua pamoja na vikonyo na vipande vya matawi, yani anapogoa kila siku bila kujijua, na wewe unayeuonea huruma wako ndo unaukosesha.

Kule Madurai kusini mwa India wanailima asumini hiihii kwa biashara, na mwaka 2013 maua yao yalipewa ulinzi wa kisheria kwa jina la huo mji. Wakulima wa huko mwishoni mwa Novemba wanakata mashamba mazima, mti unabaki kama nusu mita kutoka chini, ukipita unaweza kudhani wamekasirika. Ikifika Machi wanaanza kuchuma na wanachuma miezi kibao.

Wewe usianze na ukali huo kwa mti ambao haujazoea. Toa kwanza matawi makavu na yale membamba yanayobanana katikati, afu punguza theluthi moja ya urefu, mkasi uwe mkali na msafi, usitumie kisu cha jikoni kinachochanachana gome. Ukichipua vizuri basi mwakani mwishoni mwa kiangazi, kabla masika hayajaanza, unaweza kuushusha mpaka usawa wa goti. Baada ya kukata upe mwezi na nusu mpaka miwili ndo uanze kudai maua. Na kila duru ya maua ikiisha unapita unakata ncha, basi.

Samadi ya kuku pumzisha. Ina naitrojeni nyingi na naitrojeni kazi yake majani, na majani unayo ya kutosha kuuza. Weka mboji, na kila baada ya wiki 6 kijiko kimoja cha chakula cha mbolea ya dukani, NPK 17-17-17, kisambaze kwa mduara mbali kidogo na shina halafu umwagilie, usirundike shinani. Maji usiyatoe kila jioni kwa mazoea, chomeka kidole kwenye udongo, kama juu pamekauka mpaka pingili ya pili ya kidole ndo umwagilie, tena mwagilia ya kushiba.

La mwisho jua. Asumini inataka jua la moja kwa moja masaa 6 kwa siku, chini ya hapo itakupa majani na ahadi. Kama nyuma ya nyumba hakuna jua hata ukikata mwembe wa jirani (usikate mwembe wa jirani) basi toa vipandikizi ukapande mbele, huko chini nimeeleza.

Bi Shamba shikamoo, mie niko Makunduchi. Mwasumini wangu majani yake machanga yanatoka ya njano ila mishipa inabaki ya kijani, na yale ya zamani ncha zake zinaungua rangi ya kahawia. Namwagia maji ya kisima. Nimeambiwa nifukie misumari yenye kutu na niweke majivu, nimefanya yote mawili na ndo kwanza unazidi. Au nimerogwa?
*Msomaji wa Kusini Unguja*

Marahaba. Hujarogwa, umejenga juu ya mawe. Ardhi ya maweni kama hiyo yenu ni matumbawe ya kale, ndani yake chokaa tupu, na udongo wenye chokaa nyingi unayafunga madini ya chuma, yapo lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Jani likikosa chuma halitengenezi rangi ya kijani, linatoka la njano huku mishipa imebaki kijani kama ulivosema, na linaanza na majani machanga. Hiyo ndo alama muhimu sana, kama yangekuwa ya njano ya zamani ya chini ningekwambia habari nyingine, naitrojeni au magnesiamu. Na kama nyumba ni mpya afu fundi alichanganyia zege palepale ulipopanda, basi ndo chokaa juu ya chokaa.

Misumari: kutu ni chuma ambacho tayari kiko katika hali ambayo mti hauwezi kukinywa, na kwenye udongo wa chokaa kitakaa hivohivo mpaka wajukuu wakifukue. Majivu ndo mabaya zaidi, yanafanya kazi ileile ya chokaa, kwa hiyo ulikuwa unauongezea ugonjwa. Acha leo.

Dawa ya haraka ni mbolea ya chuma, ila soma pakiti, ziko za aina mbili tatu. Iliyoandikwa EDTA kwenye udongo wa chokaa inafungwa vilevile, unataka iliyoandikwa EDDHA, ni unga mwekundu mweusi hivi unaopaka mikono rangi, unaukoroga kwenye maji kwa kipimo cha kwenye pakiti unamwagia shinani jioni. Majani mapya yatatoka ya kijani, yale ya njano ya zamani usitegemee sana yabadilike. Lakini hiyo ni ya kutuliza tu. Dawa ya kudumu ni kuuhamishia kwenye chombo, ndoo kubwa ya rangi iliyotobolewa chini inatosha kabisa, ujaze udongo mwekundu kutoka mashamba ya ndani uchanganye na mboji na majani yaliyooza na mchanga kidogo. Mchanga wa pwani hapana jamani, ule ni kombe na matumbawe yaliyosagika.

Zile ncha zinazoungua ni chumvi ya kisima. Onja maji yako, ukiyasikia chumvi ulimini basi na mwasumini unaisikia. Kinga maji ya mvua kwenye bati, na mara moja moja mwagia mengi mpaka yatoke chini ya ndoo yaisuuze ile chumvi iliyojikusanya, maana ukimwagia kidogokidogo kila siku maji yanakauka chumvi inabaki.

Nimezunguka maduka yote ya pembejeo hapa mjini natafuta mbegu za asumini hamna, mtandaoni nimeona zinauzwa bei ya kuruka, ninunue? Halafu huku kwetu kukavu je itakubali.
*Dodoma*

Usinunue. Asumini hii kwa kawaida haizai mbegu, ukiletewa mbegu jua ni za mti mwingine au ni biashara ya mtu. Inapandwa kwa vipandikizi. Tafuta mwenye mti, chukua tawi lisilo changa sana wala lisilokomaa likawa kuni, urefu wa kiganja hivi, liwe na pingili tatu. Kata chini ya pingili, ondoa majani ya chini, yale mawili ya juu yakate nusu, chomeka kwenye kopo la mchanga wa mto uliochanganywa na mboji, loanisha afu funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako. Weka kivulini penye mwanga. Wiki 4 mpaka 6 unavuta kidogo, ukiona kinakataa kung'oka kimeshika mizizi. Chomeka vingi, vingine vitaoza na ndo kawaida yake.

Njia ya wavivu, na mimi ndo naipenda, ni kuzika tawi. Unainamisha tawi refu la chini mpaka liguse udongo, unalikwangua gome kidogo upande wa chini, unafukia hapo unaweka jiwe juu, ncha inabaki nje. Baada ya miezi miwili mitatu unalitenga na mama yake.

Dodoma itakubali tu ukiwa na maji. Ikinge na upepo, na tandaza nyasi kavu shinani.

Habari Bibi Shamba, shangazi yangu wa Mombasa alinipa mwasumini nikaubeba kwa basi hadi Nairobi, ukafika poa kabisa. Sasa tangu Juni haukui, majani yamekuwa mekundu mekundu na hakuna ua hata moja. Nimeua zawadi ya shangazi?
*South B*

Hujaua, umeupeleka kwenye baridi. Nairobi iko juu karibu mita 1,700 na Juni mpaka Agosti usiku ni baridi kwa mti wa joto kama huu, kwa hiyo unajikunyata unasubiri. Usiupe mbolea sa hivi, punguza maji, usogeze kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana maana ule ukuta utatunza joto mpaka usiku. Septemba ukianza kuchipua ndo ukate ncha na uanze kulisha. Utachanua, ila usitegemee maua ya Mombasa, hata ufanyeje. Kama unachotaka ni harufu tu mlangoni, kuna asumini nyingine inayopanda, Jasminum polyanthum, matumba yake yana rangi ya waridi kwa nje, hiyo inapenda usiku wa baridi na Nairobi inakuwa kwao. Ila kwa kikuba si yenyewe, vikonyo vyembamba mno na harufu yake ni nyingine. Shangazi msalimie, usimwambie.

Bi Shamba salaam kutoka Leicester. Nimenunua jasmine supermarket ilikuwa imejaa maua, ikamaliza na haijatoa tena mwaka mzima, nataka ile yetu ya Zanzibar hasa. Inawezekana kuiotesha huku kwenye flati?
*Mzanzibari wa Uingereza*

Wa alaykum salaam. Hiyo ya supermarket kwa vyovyote ndo hiyohiyo polyanthum niliyotoka kuitaja, mnaizungusha ndani kwenye joto la hita mwaka mzima wakati yenyewe inataka ikae pabaridi vuli yote ndo itunge matumba. Mpe rafiki mwenye bustani.

Ile yetu inawezekana, kwenye chungu. Huko inauzwa kwa jina lake la kitaalamu, tafuta sambac, na ukiona imeandikwa Maid of Orleans ni ile ya petali za safu moja tunayoijua. Kuna nyingine Grand Duke of Tuscany, maua yamejaa petali yanakaa mithili ya vijiwaridi vidogo, ni nzuri lakini mzito wa kukua, na maua yake yakizeeka hayaanguki yanabaki mtini yamekuwa ya kahawia mpaka uyatoe kwa mkono, kwa anayeanza sikushauri.

Baridi isishuke chini ya nyuzi 10. Kiangazi chenu, Juni mpaka Septemba mwanzoni, utoe nje barazani upate jua lote la Mungu, usiku ukianza kuwa wa baridi urudishe ndani kwenye dirisha linalotazama kusini. Usiuweke juu ya hita. Hewa kavu ya hita ndo inaita utitiri, vidudu vidogo vyekundu huvioni kwa macho kirahisi, utaona majani yamekuwa na vidoti vya mpauko na utando mwembamba kwa chini. Upeleke bafuni uuoshe majani kwa shawa, hasa chini ya majani, kila wiki mpaka viishe. Majira ya baridi maji kidogo sana, mbolea hakuna. Machi mwishoni unakata, Aprili unaanza kulisha. Maua utayapata kiangazi tu, na yatafungua usiku kama kwao.

Na aliyeniandikia kutoka Muscat kuhusu mwasumini wake kwenye joto la huko, shida yako ni kinyume chake: kiangazi cha huko uweke mahali pa jua la asubuhi na kivuli cha mchana, usitumie chungu cheusi, kinapika mizizi. Maji asubuhi mapema na jioni.

Mama mimi nina mti nimeambiwa ni asumini, maua yake membamba marefu ya kijani-kijani meupe, mchana hainuki kabisa ila usiku inanuka mtaa mzima mpaka kichwa kinauma. Nilitaka niweke kwenye chai kama wanavyofanya Wachina.
*Morogoro*

Simama hapohapo! Huo si mwasumini. Kwa ulivyoueleza ni Cestrum nocturnum, wengi wanauita malkia wa usiku, asili yake visiwa vya Karibiani na Amerika ya Kati, na ukoo wake ni wa nyanya na mnavu, si wa asumini. Una sumu, hasa vile vitunda vyake vyeupe ambavyo watoto wanaweza kudhani ni vya kula. Usiweke kwenye chai, na kama una watoto wadogo mimi ningeukata vitunda kabla havijaiva au ningeung'oa kabisa nikapanda kitu kingine. Watu wengi huo moshi wa harufu unawapa kichwa kweli, hujajisingizia. Tofauti ni rahisi: asumini ya kweli ina ua jeupe lililofunguka bapa lenye petali zinazoonekana, majani yanatazamana mawili mawili. Malkia wa usiku majani yake yanapishana, moja huku moja kule, na ua ni kijirija chembamba.

Kuhusu chai, Wachina wanatumia sambac hiihii yetu, matumba yanachumwa mchana, usiku yanapofunguka yanalazwa pamoja na majani makavu ya chai, asubuhi maua yanatolewa na chai imebaki na harufu, na nzuri zaidi wanairudia mara kadhaa. Ukipata asumini yenyewe fanya hivo kwenye kopo la chai nyumbani, maua machache kwa usiku mmoja afu yatoe yasije yakaoza humo. Yawe hayajapuliziwa dawa yoyote.

Asalaam alaykum. Mimi nauza vikuba na makoja hapa Mji wa Kale Mombasa, nina miti yangu nyumbani lakini shida maua yanafunguka kabla sijauza na yakifika kesho yake ni kahawia, wateja wa harusi wananilalamikia. Pia kuna kiwavi anatoboa matumba. Nisaidie.
*Muuza vikuba*

Wa alaykum salaam dada. Wewe tatizo lako ni saa. Tumba la asumini linafunguka kuanzia magharibi, likishafunguka umri wake ni usiku mmoja, hakuna ujanja. Kwa hiyo unachuma alasiri, na unachuma yale yaliyojaa, meupe kabisa lakini yamefunga. Yaliyo bado na ukijani hayatafunguka tena ukishayachuma, na yaliyoanza kutabasamu yatakuharibia mzigo. Wafilipino, ambao asumini hii ndo ua lao la taifa tangu 1934 na wanauza makoja yake barabarani na nje ya makanisa, nao wanatunga matumba yaliyofunga, yakafungukie shingoni kwa mteja.

Ukishachuma yatandaze kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, yakunje humo weka kwenye kikapu pahala pa ubaridi. Mfuko wa plastiki uliofungwa ndo unaoyafanya yatoke jasho na kuwa kahawia. Friji sawa kwa masaa machache, sio kwenye friza. Usiyarashie maji juu kwa juu, unatia doa. Rehani, yale majani ya kunukia ya kwenye kikuba, we chuma hata asubuhi haina neno, ila asumini iingie kwenye kikuba mwisho. Na kwa mteja wa harusi mwambie ukweli, kama bibi harusi anatoka saa 2 usiku mzigo unaletwa saa 11 jioni, anayetaka asubuhi aletewe asubuhi hataki asumini huyo anataka picha.

Kiwavi: kila tumba lenye tundu au lililogeuka zambarau chuma utupe mbali, au mwagia maji ya moto, usiyaache chini ya mti maana anashuka kwenye majani makavu huko chini kujigeuza. Fagia chini kila siku. Ukifanya hivyo wiki tatu nne mfululizo wanapungua sana. Vidung'ata na inzi weupe wapulizie maji ya sabuni, kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, chini ya majani, asubuhi, siku ambayo huchumi. Sumu za dukani sizitaki kabisa kwenye mti wa kikuba, yale maua yanalala kwenye mto na nywele za watu. Na kata ile miti kwa zamu, nusu mwezi huu nusu mwezi ujao, usije ukaikata yote kwa pamoja ukakaa miezi miwili huna cha kuuza halafu harusi zote zikaangukia hapo.